Shanga ya Asubuhi

Jumatatu, 4 Machi

Tatu. Mvua ya kwanza imenikuta njiani.

Naanza daftari jipya, basi nijieleze kidogo, ingawa msomaji wangu ni mmoja tu na ananijua mpaka ndani. Mimi ni mtunza mizani wa idara ya mbegu hapa chuoni, mwaka wa thelathini na moja sasa. Mizani yenyewe tunaiita Bibi. Ina sahani mbili za shaba, mshale mrefu mwembamba, na kisanduku cha kioo cha kuikinga hata na pumzi ya mtu. Imekaa juu ya meza ya jiwe katika chumba kidogo mwisho wa korido, na ukitaka kupima bawa la mdudu, itakupimia.

Ugonjwa wake ni mmoja. Hewa ikiwa na unyevu, inatia chumvi. Kiangazi husema kweli tupu. Masika huongeza vijistari viwili, vitatu, hata vinne. Kwa hiyo kila asubuhi naweka sahanini shanga moja ya kioo ambayo uzito wake unajulikana tangu zamani, naangalia Bibi kaongeza ngapi, na siku nzima natoa hizo kichwani kabla ya kuandika. Hivyo ndivyo alivyonifundisha mwalimu wangu, Mzee Desimali, Mungu amrehemu. Jina hilo alipewa na wanafunzi, kwa sababu ukisahau nukta moja tu alikunyima alama zote.

Mwisho wa Mei nastaafu. Sitaki kulifikiria hilo leo.

Jumanne, 5 Machi

Tatu. Mvua. Paa la korido linavuja pale pale pa mwaka jana.

Alhamisi, 7 Machi

Mbili. Binti Haraka kaja na trei zake arobaini za mbegu. Huyu ni mwanafunzi wa udaktari; mwaka wa tatu huu anapima mbegu zile zile kila wiki, ajue zinavyokunywa unyevu wa ghalani, ili mkulima asije akapanda mbegu iliyokwisha kufa. Kazi nzuri. Ila mwenyewe hana subira hata ya kungoja mshale utulie. Anasikiliza muziki masikioni huku ananisomea nambari.

"Mama, hii mizani si ya makumbusho?"

"Hata wewe utakuwa wa makumbusho, mwanangu, ukijaliwa umri."

Zamani zetu chumba hiki mtu alikiingia kwa kunyata. Mzee Desimali alivua viatu mlangoni, nasi tukavua. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, na soksi zangu zilikuwa na tundu. Aliliona, kesho yake akaja na soksi yenye tundu kubwa kuliko langu.

Jumatatu, 11 Machi

Tatu. Tangazo limebandikwa ubaoni: chuo kimetenga fedha za kununua upya au kukarabati vifaa vya utafiti. Kila idara iombe kifaa kimoja. Nimelisoma mara tatu, kama barua ya posa.

Nikaenda moja kwa moja kwa mkuu wa idara. Tunamwita Bwana Tutaangalia, maana ndilo jibu lake kwa kila jambo, kuanzia paa linalovuja hadi watu kupandishwa cheo.

"Mkuu, tuiombee Bibi."

"Wazo zuri. Tutaangalia."

"Fomu ina mwisho wake, Mkuu. Tarehe ishirini na mbili."

"Na tarehe pia tutaiangalia."

Mtu huyu angekuwa mlango, angekaa nusu wazi maisha yake yote: huingii, hutoki, upepo tu unapita.

Nyumbani mzee wangu kaniuliza kama anavyouliza kila jioni tangu tuoane, "Bibi hajambo?" Nimemweleza habari ya fedha. Akasema akitibiwa Bibi, na kiuno chake kiingizwe kwenye fomu hiyo hiyo.

Alhamisi, 14 Machi

Asubuhi tatu. Saa sita mchana moyo ukaniambia nipime shanga tena, nikapima. Sita.

Sijawahi kuona jambo hili. Mtu anayekudanganya kwa kiasi kile kile kila siku unaweza kuishi naye, hata ndoa nyingine ziko hivyo. Lakini anayebadili uongo katikati ya siku utamshika wapi? Nimempigia simu fundi wa mizani, mzee mwenzangu anayetengeneza na saa. Kanisikiliza, akasema, "Kisu kimekwisha." Kisu ni kipande cha jiwe gumu chenye makali, ambacho mtambo mzima wa Bibi umekalia na kuyumba juu yake; kadiri kinavyochakaa, ndivyo unyevu unavyozidi kukichezea. Kupata kingine lazima kiagizwe, na kuagiza ni hela ambazo idara haina.

Jumatatu, 18 Machi

Tatu, halafu sita. Nimejaza fomu pamoja na Binti Haraka. Nilijua atataka mizani mpya ya umeme, nikajiandaa kwa vita.

"Mpya inajiandikia yenyewe kwenye kompyuta, Mama."

"Na ikikosea inajiandikia yenyewe vile vile."

Akacheka. Kisha akatoa ile mipira ya masikioni, akaifikiria fomu kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani anaweza. "Lakini nikibadili mizani katikati, kazi yangu itakuwa na kiraka. Mbegu nilizianza na Bibi, nitazimaliza na Bibi. Tuombe kukarabati."

Nimemtazama upya kidogo.

Fomu inataka kumbukumbu za kifaa za miaka mitano. Tumetoa nakala za kitabu kikubwa, chenye mwandiko wangu safi wa wino. Nilijivunia kweli.

Ijumaa, 22 Machi

Nne. Bwana Tutaangalia kaangalia dirisha, kaangalia fomu, katia sahihi. Imepelekwa saa tisa na nusu.

Jumatatu, 25 Machi

Nne. Mvua.

Jumanne, 26 Machi

Nne. Mvua. Ndoo ya korido imejaa mara mbili.

Jumatano, 27 Machi

Tano. Mchana nane.

Jumanne, 2 Aprili

Tano. Jibu limekuja.

Nalinakili, maana nisiponakili kesho nitadhani niliota: "Kumbukumbu zinaonyesha kwamba kifaa hakijawahi kutoa hitilafu yoyote. Kwa hiyo ni miongoni mwa vifaa bora kabisa chuoni, na hakistahili kukarabatiwa kwa miaka mitano ijayo. Kamati inaipongeza idara kwa utunzaji wake."

Nimepongezwa mpaka nimekosa.

Nimekaa kwenye kigoda mbele ya meza ya jiwe nikaona nilichofanya. Katika kitabu kikubwa hakuna shanga. Hakuna tatu wala nne. Mna nambari safi tu, nilizokwisha kuzitoa uongo wake kichwani. Kamati imeisoma afya yangu mimi, ikadhani ni ya Bibi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilimfichia Bibi maradhi yake kwa wino mzuri.

Na haikuwa hivyo zamani. Mzee Desimali alikuwa na daftari dogo la penseli. Shanga iliandikwa humo, kila asubuhi, na yeye aliyanunua madaftari hayo kwa mfuko wake na kuyakusanya kila mwisho wa mwaka. "Wino ni kwa ajili ya watu," alisema. "Penseli ni kwa ajili ya ukweli." Alipofariki, miaka tisa iliyopita, walisafisha ofisi yake. Madaftari yakatupwa kwa kuwa yalikuwa ya penseli tu. Sikununua jingine. Ningemkabidhi nani? Ukweli ni kwamba nilikuwa nikimwandikia yeye.

Barua inasema rufaa ipelekwe ndani ya wiki mbili, pamoja na ushahidi. Miaka mitano Binti na wenzake watapimia mizani inayobadili maneno mchana, na mimi sitakuwepo kuitoa uongo.

Jumatatu, 8 Aprili

Sita. Nimekwenda kwa mkuu nikamweleza yote. Ameinuka akafunga mlango, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya.

"Mama, unaniambia nambari za kitabu kikubwa si za mizani?"

"Ni za mizani, Mkuu, kasoro uongo wake."

"Kamati haitasema hivyo. Itasema idara yangu inapika takwimu."

Binti Haraka alikuwa mlangoni na trei zake, tulipofungua tukamkuta. Amenifuata hadi chumba cha mizani. Hakuwa na muziki masikioni.

"Kwa hiyo nambari nilizokuwa nakusomea, sizo ulizokuwa unaandika?"

"Nilikuwa natoa za shanga. Si unaniona kila asubuhi?"

"Nilidhani ile shanga ni dua yako, Mama! Nilidhani unaiombea siku!"

Miaka mitatu. Amekaa na mimi chumba kimoja miaka mitatu, na sikumweleza, kwa sababu nilimwona ana haraka. Na yeye hakuuliza, kwa sababu aliniona mzee wa zamani nina mambo yangu. Ametoka nje akalia pale bombani, na mimi nimesimama dirishani kama mwizi. Kazi yake ikiitwa ya kupikwa, hakuna chuo kitakachompa shahada. Jina langu si kitu, naondoka. Lake ndiyo kwanza linaanza.

Jumatano, 10 Aprili

Sita. Mchana kumi na moja. Nimeomba ruhusa nikarudi nyumbani mapema.

Chini ya nguo za baridi kuna sanduku, na ndani ya sanduku zimo shajara zangu. Nimezitoa tisa, nikazifungua moja moja kitandani. Kila siku ya kazi, kabla ya neno lolote jingine, ipo nambari. Tatu. Mbili. Sifuri, jua kali. Nne. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nafanya hivyo. Madaftari ya penseli yalipokoma, mkono uliendelea wenyewe.

Nimefika siku aliyofariki Mzee Desimali. Niliambiwa saa mbili asubuhi getini. Nakumbuka sikujua pa kwenda, nikaenda kupima shanga. Siku hiyo nimeandika hivi tu: "Nne. Mwalimu hayupo tena." Nimelia leo kuliko siku ile.

Mzee wangu kanikuta nimezungukwa na miaka tisa. Nimemwambia ushahidi ndio huu, lakini humo mna kila kitu: nilivyomsema mkuu, nilivyomsema mhasibu, mwaka ule tulipokosana mimi na dada yangu, na hofu yangu yeye alipolazwa.

"Na mimi umeniandika nini?"

"Kwamba unakoroma."

"Hilo halina siri, kamati inalisikia kutoka huko huko iliko." Kisha akakaa kando yangu, akashika daftari moja bila kulifungua. "Wapelekee," akasema. "Nguo zetu chafu si chafu kuliko za watu."

Jumatatu, 15 Aprili

Tano. Rufaa imefika kwa mkaguzi wa fedha hizo na amekuja mwenyewe. Ni mwanamke wa makamo, miwani yake inaning'inia shingoni kwa kamba, na kila neno lake ana uhakika nalo kabla halijatoka. Nilikuwa nimeshainakili mistari ya shanga peke yake, kurasa sitini, kwa mwandiko mzuri.

"Hii umeandika lini?"

"Wiki hii."

"Basi si ushahidi, dada yangu. Nataka asili."

"Asili ina mambo yangu."

"Nimeona mambo ya watu wengi. Sijafa bado."

Anataka na hili ninaloandika sasa, kwa kuwa lina nambari za masika haya. Haya basi. Dada mkaguzi, shikamoo. Soma taratibu, mwandiko wa wiki iliyopita si mzuri, niliandika nikilia.

Alhamisi, 18 Aprili

(Karatasi ya kufungia, nitaibandika baadaye.)

Tano. Nimekabidhi madaftari kumi leo. Nimejikaza kisabuni mpaka nje ya geti. Binti alinisindikiza, kabeba mzigo wote yeye, na alitembea taratibu kwa mwendo wangu. Sidhani kama nitamwita Haraka tena.

Jumatatu, 22 Aprili

(Karatasi nyingine.) Nne. Binti kapima shanga mwenyewe, asubuhi na mchana. Kavua viatu mlangoni. Sikumwambia.

Jumanne, 30 Aprili

(Nyuma ya kalenda.)

Nne. Tumeitwa mbele ya kamati, mimi, Binti na mkuu. Watu watano, meza ndefu, madaftari yangu katikati yamebandikwa vikaratasi vya rangi. Nilitamani ardhi inimeze.

Mwenyekiti akauliza watajuaje kwamba nambari hizi sikuzibuni. Mkaguzi akavaa miwani. Alikuwa amechukua vitabu vya mvua vya idara ya hali ya hewa vya miaka tisa, akaviweka sambamba na shanga yangu, siku kwa siku. Mvua ikipanda, shanga inapanda. Mvua ikikata, baada ya siku mbili shanga inashuka. "Na siku alizougua," akasema, "shajara inasema 'sikupima', na kitabu kikubwa kiko kitupu. Mtu anayepika hupika na siku hizo." Kisha akazigusa kurasa za nambari za Binti, akasema kila moja inaweza kurudishwa ilivyosomwa, kwa kujumlisha tu shanga ya siku hiyo. Hakuna kilichopotea.

Binti akanishika mkono chini ya meza, vidole vya baridi kabisa.

Mwenyekiti akamgeukia mkuu: je, idara ilijua? Nikajua linalokuja. Tutaangalia.

Akasimama. "Nimesoma shajara hizi, kwa ruhusa ya mkaguzi," akasema. "Tarehe kumi na moja Machi imeandikwa kwamba ningekuwa mlango, ningekaa nusu wazi." Watu wakacheka, mimi nikatazama viatu vyangu. Yeye hakucheka. "Miaka tisa mama huyu amepima shanga hatua ishirini kutoka ofisini kwangu, na sikuuliza hata siku moja ni ya nini. Aliyetakiwa kuuliza ni mimi. Kosa la kitabu kikubwa liandikwe kwa jina langu. Mizani iandikiwe matibabu."

Miaka yote hiyo nilidhani namjua.

Wamekubali. Sharti ni moja: kuanzia sasa kitabu kikubwa kiwe na safu ya shanga.

Nje koridoni nikamwomba radhi. "Mlango nusu wazi," akasema, akitikisa kichwa. "Mke wangu ameniambia ungeandika pia kwamba bawaba zinalia."

Jumatano, 15 Mei

(Karatasi ya mwisho, natumaini.) Fundi amekuja na kisu kipya ndani ya kisanduku kilichojazwa pamba. Siku nzima kamfungua Bibi kwa mikono isiyotetemeka hata chembe, mzee yule, akaniwekea kisu cha zamani kiganjani. Makali yake yamekuwa duara. Kimebeba kila mbegu iliyopita hapa tangu kabla sijaja.

Nje manyunyu. Nikaweka shanga. Mshale ukaenda, ukarudi, ukatulia katikati.

Sifuri. Siku ya mvua.

Binti akaweka mbegu ya kwanza, akanisomea, nikaandika. Akachungulia kitabuni.

"Mama, umetoa ngapi?"

Nikatazama. Mkono wangu ulikuwa umetoa tatu wenyewe. Nikaikata kwa mstari, nikaandika alichokiona. Nimefurahi, sitaki kusema uongo. Lakini nimekaa pale baadaye nikijua kwamba Bibi hanihitaji tena, na hilo nalo lina uzito wake.

Ijumaa, 31 Mei

Madaftari yamerudi leo asubuhi, kumi yote. Kila moja lina muhuri juu ya jalada: KUMBUKUMBU ZA KIFAA. Ndoa yangu, dada yangu, kukoroma kwa mzee wangu, vyote sasa ni kumbukumbu za kifaa. Nimebandika karatasi zangu za kufungia mahali pake.

Mvua imekata siku ya tano leo. Mkuu kaja na wenzake, tumekunywa chai, kasema maneno machache mazuri bila kuangalia dirisha. Na paa la korido limeanza kuzibwa, ati.

Walipoondoka nikaingia chumba cha mizani na soksi zangu. Binti alikuwa ameshapima. Safu ya shanga kaijaza kwa penseli. Nilidhani nitakuta nambari tu, kumbe kaandika: "Sifuri. Jua. Mama anaondoka leo, na sijui nitamuuliza nani."

Nimesoma mara mbili.

"Umesahau nukta," nikamwambia. "Sifuri nukta sifuri. Mzee Desimali angekunyima alama zote."

Akaiweka nukta. Kisha akaichukua shanga sahanini kwa kibano, akaifunga kwenye karatasi laini, akairudisha kwenye kikopo chake, taratibu, jinsi ninavyofanya mimi, jinsi alivyofanya mwalimu. Hakunitazama, na mimi nilishukuru.

Nimefika nyumbani jua bado liko juu. Mzee wangu alikuwa kibarazani na kiuno chake. Akauliza kama anavyouliza kila siku, "Bibi hajambo?"

Nikamjibu hajambo, amepona kabisa. Halafu nikakaa chini nikalia, naye akanisogezea kiti chake.